Kwenda Timau kwa Kutazama Nyuma

Jumapili jioni, Julai. Skuta, Nyeri.

Manyunyu hayajakatika tangu Ijumaa. Si mvua ya kumfanya mtu akimbie, ni ile inayokaa tu hewani na kuingia hadi ndani ya foronya. Mlima sijauona wiki nzima. Nguo za Wangari nimezitandaza kwenye viti karibu na jiko, na chumba kizima kinanuka sabuni na makaa. Mwenyewe amelala. Mifuko yetu iko mlangoni, imefungwa.

Nimechoka. Leo sikufanya kazi yoyote ya kuchosha, lakini nimechoka kama mtu aliyebeba kuni kutoka mbali.

Kwa anayepita hapa mara ya kwanza: mimi ni mama wa mtoto mmoja, Wangari, wa mwaka mmoja na nusu. Babake, Ndirangu, alifariki mwaka jana, katika baridi kama hii. Huwa naandika hapa watu wa nyumba wakishalala. Watu wa nyumba ni Wangari.

Kesho naanza kazi Timau, katika shamba la maua, chumba cha kupanga waridi kwa urefu wa shina. Mahali nilipokuwa nikishona sare za shule palifungwa baada ya Pasaka. Nitakaa Timau siku za kazi na kurudi Skuta Jumamosi. Shamba lina nyumba ambamo watoto wa wafanyakazi hulelewa mchana. Nilikwenda kuiona. Ina jua, na wanawake wawili wenye mikono mikubwa na sauti za chini. Niliipenda.

Shosho hakuipenda, ingawa hajaiona.

Shosho ni mama yake Ndirangu. Anaishi Gakindu, kwenye kahawa yake, peke yake. Tangu nilipopata habari ya kazi amekuwa akisema neno moja: nimwache mtoto kwake. "Utampeleka kule kwa ngano na upepo akae na nani? Mwache hapa kuna maziwa." Hakusema vibaya. Hata mimi nikiwa nimechoka sana huona kwamba ana haki.

Tena alikuwa na sababu nzuri. Wangari alikuwa amelikataa gari. Mwezi uliopita tulijaribu kwenda naye Timau kutazama chumba cha kupanga, Shosho akiwa nasi. Alianza kulia tulipofika Kiganjo. Alilia mpaka akatapika. Tulipofika Naro Moru nilisimamisha gari kando ya barabara, nikaegemea usukani, halafu nikageuza. Siku ya pili nilikwenda Timau peke yangu.

"Mtoto amesema," Shosho aliniambia siku hiyo tukirudi. "Yeye hataki."

Nikamjibu kwamba tatizo si gari, ni kiti. Kile kiti chake cha utotoni, cha kufungwa garini, kimekuwa kidogo, kichwa kimefika ukingoni. Nikasema nitatafuta kile cha kugeuza, ambacho mtoto hukaa akitazama nyuma akiwa mdogo, na akikua unakigeuza akatazama mbele, kikamfaa miaka. Halafu nikasema, na sijui nilitoa wapi ujasiri huo: "Akilia katika kiti kipya pia, nitamwacha Gakindu."

Shosho akasema, "Haya. Nimesikia."

Kwa hiyo jana, Jumamosi, tulipoingia mjini watatu kununua kiti, mimi sikuwa nikinunua kiti.

*

Lazima nieleze jambo la majina, la sivyo utamwona Shosho kama mtu wa ajabu.

Kwetu msichana wa kwanza hupewa jina la mama wa babake. Kwa hiyo Wangari ni Shosho, na Shosho ni Wangari. Tunacheka nalo lakini si mzaha. Ndirangu alikuwa akimwita mtoto wake "mama", na alimsalimia kwa heshima hata akiwa kwenye nepi. Shosho akinipigia simu jioni huwa haulizi mtoto amekula nini. Huuliza, "Nimekula?"

Nami hujibu, "Umekula uji. Yai umekataa."

"Na nimelala mchana?"

"Umelala kidogo, ukaamka na hasira."

"Hiyo ndiyo mimi," husema, na husikia raha kabisa.

Na akitaka kitu kwangu huniita "mama yangu", kwa kuwa kama yeye ndiye Wangari, basi mimi ndimi niliyemzaa. Mwanamke wa umri ule. Siku za kwanza za ndoa niliona haya. Siku hizi, kama hajaniita hivyo kwa wiki nzima, najua nimemkosea.

Wiki mbili hizi hakuniita hivyo hata mara moja.

*

Duka liko barabara ya nyuma, si mbali na msikiti. Mwenye duka ni Bi. Rukia, mama mnene mwenye miwani inayoning'inia kifuani kwa uzi. Anauza vitu vya watoto, vingine vipya, vingine vilivyotumika ng'ambo: vitanda, vigari vya kusukuma, baiskeli za magurudumu matatu. Nilipokuwa nikishona nilimtengenezea mapazia, ndiyo maana ananijua.

"Karibuni, karibuni ndani, poleni na baridi. Na huyu ndiye nani, aliyevaa blanketi zote za Nyeri?"

Ni kweli. Wangari alikuwa na sweta mbili, jaketi nene la kujazwa, kofia ya sufu inayofungwa kidevuni, na suruali juu ya suruali. Mikono ilisimama kando kama ya mtu anayepimwa nguo. Shosho ndiye aliyemvisha, alikuwa amelala kwangu Ijumaa. Mimi huwa sibishani naye kuhusu nguo. Nitaeleza kwa nini.

Kiti cha kwanza kilikuwa cha buluu, kizuri, kilichotumika. Nilikipenda mara moja kwa sababu kitambaa chake kilikuwa laini na bei yake ilikuwa ya kirafiki. Nikamuuliza Bi. Rukia kama kimewahi kuwa ndani ya gari lililopata ajali, maana nilisoma kwamba kiti kilichogongwa hakifai tena hata kama hakionyeshi jeraha.

Alivua miwani. "Mwanangu, nikikwambia hakijagongwa nitakuwa nimeapia kitu nisichokiona. Kilikuja katika kontena pamoja na masufuria. Mimi najua tu kwamba nimekifua."

Nikakigeuza kichwa chini. Pale chini pamepigwa mhuri wa mwaka ambao kiti kinaisha kutumika, na mwaka huo ulikuwa umeshapita. Pembeni plastiki ilikuwa na mistari myeupe, kama beseni linalokaribia kupasuka.

"Kwani plastiki inakufa?" Shosho akauliza. "Ndoo yangu ya maji iko na miaka mingi kuliko huyu mama. Na bado inachota."

"Ndoo yako haijabeba mtoto, bibi," Bi. Rukia akasema.

"Imebeba! Ndirangu alikuwa anaogea ndani."

Tulicheka sote, halafu kila mmoja akageukia kitu kingine, kama inavyokuwa jina hilo likitajwa bila kutarajiwa. Nikakiweka kiti cha buluu chini.

Cha pili kilikuwa kipya, ndani ya sanduku. Cha kijivu, hakina urembo wowote. Bi. Rukia alikitoa, akakiweka juu ya meza ya kaunta na kutuonyesha jinsi kinavyolala kidogo kikitazama nyuma, na jinsi kinavyosimama kikigeuzwa mbele. Mikanda inapanda na kushuka kufuata mabega ya mtoto. Nilisoma kijitabu chake pale pale nimesimama. Mimi niliishia kidato cha nne na vitabu vya maelezo husoma pole pole, kwa kidole, lakini nilielewa: huyu wa mwaka mmoja na nusu bado ni wa kutazama nyuma.

Shosho alikuwa akitazama mikono ya Bi. Rukia. "Ati anaangalia wapi?"

"Nyuma," nikasema. "Kama kile cha zamani."

"Kile kilikuwa cha mtoto mchanga. Mtoto mchanga haoni kitu. Sasa yuko na macho." Akasogea karibu na kile kiti kama mtu aliyekuja kununua ng'ombe. "Mimi siendi Timau nikiangalia nyuma. Ni mbuzi ya kupelekwa soko ndiyo inaangalia kule imetoka."

Bi. Rukia akashangaa. "Kwani bibi nawe unasafiri?"

"Si ndiyo mimi huyu!" Akampiga Wangari kidogo begani, kwenye jaketi, paf, kama mto.

Nilijaribu kueleza. Sijui kueleza mbele ya watu. Nilisema kichwa cha mtoto ni kizito na shingo ni nyembamba, gari likisimama ghafla akiwa anatazama mbele kichwa hutupwa na mikanda ndiyo inayomshika. Akitazama nyuma, kiti chote humpokea mgongoni. Halafu nikakumbuka jinsi Ndirangu alivyolisema, naye alilisema vizuri zaidi.

Ndirangu alikuwa muuza mayai. Alinunua kwa wafugaji na kusambaza madukani, alfajiri, kwa gari hili hili ninaloliendesha sasa. Alikuwa na neno lake: yai likishapasuka halikubali pole. Trei zake hakuzifunga kwa kamba kamwe. Aliziegemeza kwenye kitu kipana. Alisema, kamba hupasua yai, ubao hulibeba.

Nikamwambia Shosho hivyo. "Ndirangu alisema kamba hupasua, ubao hubeba."

Alisema tu, "Wacha tumpime."

*

Tukampima.

Akitazama nyuma, mikanda haikufika. Nililegeza mpaka mwisho, Bi. Rukia akasukuma huku, mimi nikavuta kule, kifungo cha katikati hakikuonana na vile vichwa viwili vya chuma. Wangari akaanza kuguna.

"Mnaona?" Shosho akasema. "Amekuwa mkubwa. Geuza mbele."

Tukageuza mbele. Mikanda ikakataa vile vile.

Bi. Rukia akakuna kichwa chini ya mtandio. Akasema labda mtoto amepita kipimo hiki, labda anahitaji kile cha watoto wa shule, kile cha kuinua tu, anachofungwa kwa mkanda wa gari wa kawaida. Alikuwa nacho kimoja, chekundu. Shosho alikitazama, kisha akanitazama mimi. Hakuwa na furaha ya ushindi. Alikuwa na uso wa mtu anayekutayarisha kwa habari.

Wangari alifungua mdomo akalia. Kilio kile kile cha Kiganjo.

Nitakiri hapa, kwa sababu hapa ndipo ninaposema ukweli: niliona nafuu. Kwa kitambo kidogo tu. Nilijiona nikiendesha kwenda Timau peke yangu, gari kimya, nikipanga maua, nikilala usiku kucha bila kuamshwa. Nilikuwa nimefungua kinywa kumwambia Shosho, basi, mchukue.

Nikapeleka mkono kumtoa mtoto kitini, na vidole vyangu vikaingia kwenye ukosi wake.

Shingo ilikuwa imelowa.

Katika manyunyu yale, mlango wa duka wazi, sote tukitoa mvuke midomoni, Wangari alikuwa akitoka jasho kama mchoma mahindi. Nikaanza kufungua zipu ya jaketi.

"Mama Wangari." Shosho hakupaza sauti. "Usivue huyo mtoto."

Sasa nieleze kuhusu nguo. Ndirangu aliugua kifua wiki chache tu, akatuacha. Hospitali walitueleza ilikuwa nini, kwa jina refu, na kwamba ilikuwa imeanza ndani siku nyingi. Mimi nililikubali lile jina refu. Shosho hakulikubali. Yeye anajua mwanawe alikuwa akitoka alfajiri na mayai yake bila sweta, na kwamba alimwambia, na kwamba hakusikia. Baridi ilimwingia kifuani. Sijawahi kumbishia. Naona mama anahitaji ugonjwa ambao angeweza kuuzuia, kuliko ule ambao hakuna aliyeuona. Baada ya mazishi alichukua sweta ya kahawia ya Ndirangu, ile ambayo hakuivaa, akaifumua uzi wote, na akamfumia Wangari. Hiyo ndiyo iliyokuwa ya pili kutoka ndani.

Kwa hiyo ninyi mnaopita hapa mjue nilikuwa nikivua nini.

Nilisema, "Amelowa jasho, Shosho. Shika hapa." Nikauchukua mkono wake nikauweka shingoni pa mtoto. Aliuacha hapo.

Nikavua jaketi. Nikavua sweta ya juu. Nikavua ya kahawia, nikaikunja, nikampa Shosho aishike. Kofia. Suruali ya juu. Wangari alibaki na fulana ya mikono mirefu na suruali moja, nywele zimelala kwa jasho, akinyamaza kwa mshangao.

Chini ya zile nguo zote alikuwapo mtoto mdogo sana.

Sijui niseme vipi. Kila mtu amekuwa akiniambia Wangari amekua. Kanisani, dukani, kwa simu. Hata mimi nilisema. Nikamketisha akitazama nyuma, na mikanda ikashuka mabegani, kifungo kikalia, na nikalazimika kuvuta, na kuvuta tena, mpaka mkanda ukabaki mrefu mkononi mwangu. Kijitabu kinasema ukiweza kuukunja mkanda begani kwa vidole, bado umelegea. Niliukaza mpaka haukukunjika. Kichwa kilikuwa na nafasi ya kutosha juu yake.

Tulikuwa tumekuja kupima sweta.

Kile kiti cha zamani kweli kilikuwa kidogo, sikukosea. Lakini nilifikiri tena juu ya kilio cha Kiganjo, hita ya gari imewashwa, mtoto ameshindiliwa kwenye kiti chake na nguo zile kama pamba katika gunia, na sisi watu wazima wawili mbele tukisema amekataa gari.

"Na baridi?" Shosho akauliza. Alikuwa ameishika ile sweta ya kahawia kwa mikono miwili.

Bi. Rukia alijifanya anakunja karatasi.

Shosho alimtazama mtoto kwa muda. Wangari naye alikuwa akimtazama, ametulia, miguu inacheza. Kisha Shosho akavua shali yake mabegani, ile ya mistari anayokwenda nayo kanisani, akamfunika Wangari kuanzia kifuani, juu ya mikanda, akaipachika kando kwa vidole, hivi na hivi, haraka, kama mtu anayefanya kitu mikono yake inachokijua.

"Kwani mimi nilikuwa nabeba aje?" alisema. Hakuwa akituambia sisi. "Nilikuwa naenda kiwanda ya kahawa na mvua kama hii, Ndirangu kwa mgongo. Unafunga mtoto na ngoi, ile kitambaa ya kubebea, anashika mgongo kabisa. Halafu blanketi inakuja juu. Juu! Nani anaweka blanketi katikati ya mgongo na mtoto? Si ataanguka."

Akakigonga kile kiti kwa kifundo cha kidole.

"Hii ni ngoi tu. Ya plastiki."

Bi. Rukia akasema, "Umeona, bibi. Na kwa mgongo mtoto huona njia?"

"Anaona njia wapi. Anaona mgongo ya mama." Nilijua amesikia mwenyewe alichokisema. Halafu akaniangalia kwa ukali. "Lakini bado sijasema anaenda. Tumesema mpaka tuone kwa gari."

Tukakinunua cha kijivu.

*

Jana mchana, mvua ilipopungua, nilitoa kiti cha zamani garini.

Nilikuwa nimekiogopa kitendo hiki kuliko vyote. Ndirangu ndiye aliyekifunga kile kiti, siku tuliyotoka na Wangari hospitali. Alipiga goti juu yake, akavuta mkanda, akashuka, akakitikisa, akapanda tena. Muuguzi alikuwa amesimama na mwavuli akimcheka. Sijawahi kukifungua tangu hapo. Nilikuwa nikimtoa mtoto tu na kuacha kiti. Najua ni ujinga. Mkanda haujui nani aliuvuta.

Nilibonyeza kile kitufe chekundu, mkanda ukarudi ndani kwa sauti yake ya kawaida, na hakuna kilichotokea.

Chini ya kiti kulikuwa na taulo la kijani.

Nilikuwa nimelisahau kabisa. Kiti cha nyuma cha gari letu kimeinama, na trei za mayai zilikuwa zikilala upande mmoja, kwa hiyo Ndirangu alikunja taulo hili kama mkate mrefu na kulipachika pale ili zikae sawa. Wangari alipozaliwa alitoa trei, akaliacha taulo, akaweka mtoto. Lilikuwa bado limekunjwa vile vile. Nililiinua na halikufumuka, lilikuwa limeshika umbo. Katika mkunjo mmoja palikuwa na kipande cha ganda la yai, kidogo kama ukucha.

Niliketi pale garini, mlango wazi, miguu nje. Shosho alikuwa jikoni akimlisha mtoto, namsikia akijisifu: "Kula, Wangari. Sisi tunakulanga."

Halafu nikaweka kiti kipya. Kina mstari mwekundu ubavuni. Ule mstari ukiwa sambamba na barabara, ndipo mtoto amelala kwa mteremko unaofaa. Wetu ulielekea angani. Nilisukuma, nikajaribu tena, bado. Ni lile lile tatizo la mayai.

Nikalirudisha taulo.

Mstari ukakaa sawa. Nikapiga goti juu ya kiti, nikavuta mkanda, nikashuka, nikakitikisa. Nikapanda tena.

*

Leo baada ya kanisa tulimrudisha Shosho Gakindu. Hiyo ndiyo ilikuwa safari ya mtihani, ingawa hakuna aliyeiita hivyo. Yeye alikaa nyuma, kando ya Wangari. Fulana moja, sweta nyembamba, mikanda, kisha shali juu.

Tulipotoka Skuta Wangari alianza kulia. Nilishika usukani kwa nguvu. Nilikuwa nikihesabu matuta ya barabarani ili nisihesabu kitu kingine. Kisha kilio kikawa kunung'unika, kunung'unika kukawa wimbo ule wake usio na maneno, na mwishowe hata huo ukaisha. Nilisikia wiper tu zikifuta kioo. Sikuthubutu kuuliza.

Tuliposhuka kwenye kona za Mukurweini, kahawa pande zote mbili zinametameta kwa unyevu, sauti ya Shosho ikatoka nyuma, ya chini, karibu na sikio langu.

"Mama yangu. Endesha pole pole. Nimelala."

Nilicheka. Nilicheka peke yangu pale mbele mpaka nikafuta macho kwa mkono wa sweta, na kioo kikawa na ukungu.

Kwake tulikunywa uji na kula nduma. Hatukuzungumza juu ya Timau. Alizungumzia kunguru wanaomwibia mahindi, na jirani aliyeng'oa kahawa yake yote kupanda parachichi. Wakati wa kuondoka alimbeba Wangari mwenyewe hadi garini. Alimfunga mwenyewe. Alijaribu kuukunja mkanda begani kwa vidole vyake vilivyopinda, ukakataa, akatikisa kichwa kukubali. Akafunika shali. Nikamwambia shali ni yake, atasikia baridi. Akasema yeye anakwenda nayo, si yuko hapo ndani?

Sweta ya kahawia aliiweka kwenye begi langu. "Akishuka kwa gari, avae. Kule kuna upepo." Halafu akainama dirishani, akamwambia mtoto, au akajiambia, "Haya. Basi niende."

Nikaondoka.

Ni jambo ambalo kijitabu hakikuniambia: kiti hiki kikitazama nyuma ni kirefu, kinafunika kioo cha nyuma karibu chote. Nilitazama kwenye kioo cha dereva kumwona Shosho langoni, kama ninavyofanya siku zote, na sikumwona. Niliona mgongo wa kiti tu, kijivu. Nikataka kusimama.

Ndipo nikaona mkono. Mkono mdogo ulijitokeza juu ya ukingo wa kiti, ukifungua na kufunga vidole, na sauti yake ikisema bai, bai, bai. Yeye ndiye aliyekuwa akimwona. Mtoto anayetazama mbele angekuwa ameshamwacha zamani. Tulipita duka la kwanza, mkono uko juu. Tukapita mti wa mwisho wa boma la jirani, mkono uko juu. Kwa huo mkono nilijua Shosho bado amesimama langoni, kwenye manyunyu, bila shali.

Ulishuka tulipokata kona ya kiwanda cha kahawa.

Amelala sasa. Nguo zake zimekauka upande mmoja, nitazigeuza kisha nilale. Sijui kama Timau patatufaa. Sijui kama atalia Kiganjo. Lakini mkanda umekazwa, taulo liko mahali pake, na asubuhi tunaondoka, mmoja akitazama tunakokwenda na mmoja tulikotoka.